Harambee ya Mfuko wa Mawakili: Aliyekimbia Asikilizwe

Wapendwa washarika, majirani wa Tengeru na Usa River, na ninyi wana wa Meru mlioko Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo: Bwana Yesu asifiwe.

Baraza la wazee limeridhia tuchange shilingi milioni 18 za kuanzisha mfuko wa kuwalipia mawakili na wakalimani watu wanaoomba hifadhi katika nchi yetu. Kwenye kikao wapo waliouliza kwa nini fedha hizi zisiende kwanza kwenye paa la madarasa ya watoto. Swali hilo ni la haki. Lakini paa linaweza kungoja msimu mwingine, na mtu aliyekimbia kuuawa ana siku 7.

Siku hizo zimewekwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Aliyeingia nchini kutafuta hifadhi anatakiwa ndani ya siku 7 ajitokeze kwa ofisa aliyeidhinishwa, au mtendaji wa kijiji, au hakimu wa amani aliye karibu naye. Ndiyo, mtendaji wa kijiji ametajwa humo, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Sasa mfikirieni mama aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto wawili. Waliomchomea nyumba walivaa sare, kwa hiyo kila mwenye sare anamtia hofu. Atajificha kwanza. Ataulizia ndugu, atatafuta kibarua, pengine atapanda basi mpaka huku kwetu. Siku atakapopata ujasiri wa kusema yaliyomkuta, muda umekwisha, na jina lake sasa ni mhamiaji haramu.

Masharti yamezidi kubana. Januari 2017 serikali iliacha kuwatambua Warundi kwa pamoja kama wakimbizi, ikataka kila mmoja ajieleze peke yake. Kusikilizwa mmoja mmoja si kosa. Kosa ni kumtaka mtu ajieleze juu ya jambo la kufa na kupona bila wakili pembeni yake wala mkalimani anayemwamini. Mwaka 2018 nchi yetu ikajitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa uliolenga kuwawezesha wakimbizi wajitegemee. Mkimbizi wa kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, hatoki kambini bila kibali. Na kila tunaposikia habari za kuwarudisha Warundi kwao, tunakumbuka kuwa Tanzania imeridhia mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unaosema hakuna mkimbizi atakayerudishwa pasipo ridhaa yake.

Linalotuuma zaidi sisi wa Arusha ni hili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa hapa mjini kwetu. Mkataba inaousimamia, katika ibara ya 12, unampa kila anayeteswa haki ya kutafuta na kupata hifadhi katika nchi nyingine. Lakini Novemba 2019 serikali iliwasilisha uamuzi wa kuondoa ruhusa ya mtu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye uamuzi ukaanza kufanya kazi. Mtu anaweza kupita mbele ya mahakama hiyo kila asubuhi na asiweze kuifikishia shauri lake jipya dhidi ya Tanzania.

Tunayapinga masharti haya, na tunasema waziwazi. Kuyapinga si kuichukia serikali. Tunaiombea kila Jumapili na tutaendelea kuiombea. Pamoja na harambee, tutapeleka barua wizarani na kwa mbunge wetu tukiomba siku 7 ziongezwe, mwomba hifadhi apate mkalimani na wakili kabla ya kuhojiwa, na ile ruhusa ya mahakama irudishwe. Barua iko kwa katibu wa usharika kwa atakayependa kuisoma na kutia sahihi.

Wazee wetu walishapita njia hii. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatawanyika. Wameru walifanya nini? Walichangishana. Mwenye senti alitoa senti, mpaka ikapatikana nauli ya kumpeleka Kirilo Japhet New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyotupata. Aliyewasaidia katika sheria alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa wakili Moshi. Mgeni, tena! Ardhi haikurudi pale pale. Lakini Mmeru alisikilizwa na dunia, na aliyemwezesha kusikilizwa ni bibi aliyefungua fundo la khanga yake. Mfuko tunaouomba leo ni wa namna ile ile, isipokuwa safari hii anayehitaji kusikilizwa ametoka Burundi au Kongo.

Na hapa Tengeru, kuanzia mwaka 1942, waliishi Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu na utawala wa Kisovyeti, wakapita Iran mpaka wakafika kwenye mashamba haya. Waliofia hapa tunayajua makaburi yao.

Kuna hoja ya usalama, nayo tusiipuuze. Je, tukimsaidia muuaji aliyejichanganya na wakimbizi? Arusha inajua kuwa jambo hilo hutokea: kwa miaka mingi, mpaka 2015, mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa hapa kuwahukumu viongozi wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, na baadhi yao walikamatwa ugenini. Ndiyo maana mikataba yenyewe inawanyima hifadhi waliotenda uhalifu wa vita na dhidi ya ubinadamu. Kinachomtenganisha muuaji na aliyemkimbia ni mahojiano ya kina, yenye mkalimani mzuri na ushahidi uliopangwa. Ukimrudisha kila mtu, umemrudisha na shahidi.

Mfuko hautamficha mtu yeyote. Kazi yake ni kumsindikiza kwa ofisa husika mapema, akiwa na wakili na maelezo yaliyoandikwa kwa lugha anayoielewa. Mawakili wawili wamekubali kupunguza ada. Tutalipa ada hiyo, safari zao za Kigoma, wakalimani wa Kirundi na Kifaransa, na chakula cha walioko mahabusu wakisubiri shauri. Hesabu zitasomwa kanisani kila robo mwaka, na asiye msharika wetu anakaribishwa kuzikagua. Ndugu zetu wa msikitini na wa parokia ya jirani wameshaahidi kuchangia, Mungu awabariki.

Harambee ni Jumapili ya tatu ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Bahasha za ahadi zinagawiwa kuanzia wiki hii, na ahadi inaweza kulipwa kwa awamu mpaka baada ya mavuno. Mnada utakuwa nje ya kanisa kama kawaida: leteni mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maharage, kahawa, na mwenye mbuzi alete mbuzi. Vitu vipokelewe Jumamosi jioni kwenye ukumbi, vijana watakuwepo kuandikisha. Kwa wafanyabiashara wa soko la Tengeru, mweka hazina wa akina mama atapita Jumatano na Jumamosi akiwa na kitabu cha stakabadhi. Msitoe fedha bila kuandikiwa. Mlioko mbali, lipa namba ya usharika ni ile ile ya siku zote. Andikeni neno "hifadhi" ili mchango usichanganywe na sadaka ya jengo.