Upinde wa tabaka hautaki mbao yoyote tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na mafundi wenzangu wanaounganisha mbao kutengeneza pinde za kulengea shabaha, kwa kuwa naona wengi huchagua mbao kwa rangi yake kabla ya kujiuliza itakaa upande gani wa upinde.

Upinde unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, hutanuka, na tumbo lake, linalomwelekea mpigaji, hubanwa. Kwa mgongo sijaona kinachoushinda mwanzi uliokomaa na kukauka vizuri, mradi usipigwe randa upande wa ganda, kwa sababu nyuzi zake zenye nguvu zimesongamana huko huko nje. Tumboni panafaa mbao ngumu inayostahimili kubanwa, kama ipe ya Amerika ya Kusini. Tabaka la katikati halielemewi sana, hivyo mbao nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka inatosha.

Mpingo, pamoja na uzuri wake, ubaki kwenye mshikio. Niliwahi kuubandika kwenye ncha zote mbili, nikajivunia weusi wake unaong'aa, kumbe uzito ule ulizifanya ncha zirudi kwa uvivu na mshale ukaanguka karibu. Mtiki nao una mafuta: upigwe msasa na kufutwa kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupakwa gundi ya epoksi, la sivyo tabaka zinaweza kuachana siku ya kwanza upote, yaani kamba ya upinde, unapovutwa.

Fundi seremala,
Morogoro.