Vishikwambi vitolewe stoo, watoto wafunzwe kuhoji

Mhariri,

Nafundisha Masomo ya Jamii katika sekondari msingi moja hapa Nakuru, upande wa ziwa. Muhula uliopita niliwapa Gredi ya Nane kazi ya nyumbani: waandike kuhusu Ziwa Nakuru. Madaftari sita yalirudi na aya ileile, neno kwa neno, kwamba ziwa letu linakauka. Msichana mmoja aliuliza akili unde kwenye simu ya mamake, wenzake wakanakili.

Ni kweli ziwa lilikauka karibu lote miaka ya tisini. Lakini tangu 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda, yakafunika lango kuu la zamani la mbuga. Nyanya yake msichana huyo alihama kutoka mtaa wa Mwariki maji yalipofika mlangoni. Alilijua hilo, na bado aliiamini simu kuliko macho yake. Hapo ndipo niliposhtuka.

Sikumwadhibu. Kesho yake nilibeba kipakatalishi changu, nikawasha intaneti kwa bando langu, watoto 38 wakajibana mbele ya kioo kimoja. Google Earth ina picha za satelaiti za mwaka baada ya mwaka tangu 1984. Tukaipeleka miaka mbele na nyuma: ziwa likanywea, likafura, miti ya ukingoni ikapotea. Msichana akaomba turudi nyuma kidogo, akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa ndipo kwa nyanya." Darasa likanyamaza.

Kisha maswali yakamiminika. Mbona kitabuni ufuo umejaa heroe? Tukasoma kwamba maji yakizidi chumvi hupungua, mwani wanaoula ndege hao ukapungua pia, nao wakahamia kwingine kama Ziwa Bogoria. Na maji yenyewe yametoka wapi? Mmoja akasema mvua, mwingine akalaumu ukataji wa msitu wa Mau, wa tatu akataja kusogea kwa ardhi ya Bonde la Ufa. Nikamtaka kila mmoja aonyeshe aliposoma, nani kaandika, na lini. Kengele ikalia bado wanabishana. Sikuwaamulia, maana hata wataalamu hawajaafikiana.

Mhariri, mtaala wa umilisi unataja uwazaji kina na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Serikali ilianza kugawa vishikwambi shuleni 2016. Vyetu vimefungiwa kabatini, stoo, kwa hofu ya kuibwa au kuvunjika. Mafunzo niliyohudhuria yalitufunza kuviwasha na kuvichaji, basi. Namna ya kumfundisha mtoto kulitilia shaka jibu la mashine haikuguswa kabisa.

Naomba vitolewe, hata kama ni kipindi kimoja kwa wiki. Pesa za bando zitengwe katika bajeti ya shule. Nasi walimu tutoe kazi ambayo mtoto anaweza kwenda kujionea mwenyewe kabla ya kuuliza simu.

Wanafunzi wangu sasa wanataka kulinganisha Nakuru na Baringo na Naivasha, ambako maji yamepanda vilevile. Bando langu liliisha Ijumaa, na wananiuliza kila asubuhi tutaendelea lini.

Mwalimu wa sekondari msingi,
Nakuru