Unga wenu wa mazoezi ulinigeuza mtu wa hasira na hakuna aliyeniambia

Kwa Meneja na watu wa huduma kwa wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UNGA WA KUNYWA KABLA YA MAZOEZI

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, ofisi yangu iko Mwananyamala. Nimewatumia meseji wasapu mara tatu mkanijibu mara moja tu, kwahiyo nimeamua niandike barua kabisa na naomba muisome mpaka mwisho maana niliyopitia hii miezi mitatu hayatoshi kwenye meseji ya mistari miwili.

Mwezi wa tatu nilinunua kwenu kopo la ule unga wa pinki wa ladha ya tikiti, hiyo mnayoita pri-wekauti. Nilikuwa nimeanza jimu tangu Januari sababu kazi yetu ni ya kukaa, unainama kwenye cherehani kutwa nzima mgongo unakauka na mwili unaongezeka upande mmoja tu, na jioni nikitoka kazini nilikuwa sina nguvu ya kunyanyua chochote. Kijana wenu wa dukani akaniambia sista hii ndo dawa yako, piga kijiko kimoja nusu saa kabla, ukiona husikii kitu piga viwili. Basi. Hakuniuliza kama nina presha, hakuniuliza kama kuna vidonge natumia, hakuniuliza naenda jimu saa ngapi. Nikalipa nikaondoka nimefurahi.

Na niseme ukweli, mwanzoni niliipenda. Sitaki mseme nimekuja kuchafua biashara ya watu. Wiki mbili za kwanza nilinyanyua vyuma ambavyo kabla ya hapo nilikuwa naviangalia tu, squati nilizokuwa nafanya kwa kuhesabu nikawa nafanya mpaka kocha ananiambia dada pumzika. Ila uso na vidole vilikuwa vinachonyota, ile kama umelalia mkono ukafa ganzi alafu damu inarudi, nikawauliza wenzangu jimu wakaniambia hiyo ndo dalili kwamba mzigo unafanya kazi, na kwenye tangazo lenu mmeandika hivohivo, "utaisikia". Nimekuja kujua baadae kwamba kule kuchonyota ni beta-alanini tu, moja ya vitu vilivyochanganywa kwenye huo unga, inaanza kama dakika 15 hivi na ndani ya saa moja na nusu imeisha, haina madhara makubwa lakini pia sio kipimo cha kazi kwasababu hiyo beta-alanini faida yake inakuja ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa ikajaa kwenye misuli, sio siku hiyohiyo. Sasa mtu anakaa anasubiri kuchonyota, akishazoea haoni kitu, anaongeza kijiko. Na mimi niliongeza. Wiki ya nne nikawa napiga viwili siku za miguu.

Hasira zilianza kidogokidogo ndo maana sikuzishtukia. Konda wa daladala amechelewesha chenji, nimemjibu vibaya. Mteja kaja kuuliza gauni lake limefika wapi, swali ambalo nimeulizwa maisha yangu yote ya ufundi, nikamwambia kama huna subira nenda kanunue la dukani. Mume wangu kuacha taa ya choo inawaka, nimeongea nusu saa. Na moyo ulikuwa unaenda mbio hata nikiwa nimekaa, kama mtu anayesubiri simu ya habari mbaya.

Alafu ikaja ile Ijumaa. Tulikuwa na sare za harusi, magauni saba ya kitenge, na binti ninayemfundisha kazi nilimwachia akate mikono. Nilikunywa unga wenu saa kumi na moja kamili palepale ofisini, nikawa nakagua kazi yake wakati nasubiri muda wa kwenda jimu. Nikakuta gauni moja amekata mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Ni kosa ambalo kila fundi ameshalifanya, unasahau kugeuza kitambaa, na kitenge kilikuwa kimebaki kama yadi mbili, kinatosha kabisa kukata mkono mwingine, ni kazi ya dakika kumi. Lakini mimi niliona kama amenifanyia makusudi. Nilimpigia kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje, nikamwambia maneno kuhusu kwao na umasikini wao ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikachukua kile kipande nikamrushia. Yeye kasimama tu, chaki bado iko mkononi, ameing'ang'ania mpaka ikamkatikia vidoleni, unga mweupe unamwagikia miguuni kwake. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikachukua begi nikaenda zangu jimu, na mnajua nini, nilifanya mazoezi vizuri sana siku hiyo.

Jumatatu hakuja.

Nyumbani nako usiku silali. Nakodoa macho nasikiliza feni, mpaka adhana ya alfajiri inanikuta macho, mume wangu ananiuliza unawaza nini, namwambia siwazi kitu, na haamini, maana mwanamke asiyelala na asiyewaza kitu ni nani. Akaanza kuhisi mambo mengine. Mama mkwe alipokuja akasema mkwe wangu kabadilika huyu, sio yeye, twende akasomewe. Nikaenda nikasomewa dua, nashukuru sana kwa nia yao, na jioni yake nikanywa kijiko changu kama kawaida, sababu haikuniingia akilini hata kidogo kwamba kitu cha kunyanyulia vyuma kinaweza kugusa tabia ya mtu. Hapa ndipo penye malalamiko yangu hasa jamani. Miezi miwili mizima niliamini kwamba mimi ndo nimekuwa mtu mbaya. Nililia chooni nikimwomba Mungu anirudishie roho yangu, na kopo lenu liko juu ya friji.

Aliyenifungua macho ni nesi wa kliniki ninapochukulia vidonge vya majira. Alinipima presha akapima tena, akaniuliza dada unakunywa nini, nikamwambia chai, nikataka kuondoka, akaniuliza na kingine? Nikamwonyesha picha ya kopo kwenye simu. Akanikalisha.

Alichonielezea na nilichokuja kusoma mwenyewe ni hiki. Mwilini kuna kitu kinaitwa adenosini, kinajikusanya kutwa nzima na ndo kinachokuambia umechoka, tulia, lala. Kafeini, ile ya kwenye kahawa ambayo na unga wenu unayo, inakwenda inakaa kwenye kiti cha hiyo adenosini, kwahiyo uchovu upo palepale ila hausikii, na wakati huohuo adrenalini inapanda, moyo unakimbia, mwili unajiandaa kama kuna mtu anakuja kukupiga. Mwili ukiwa hivo mkono wa gauni uliokatwa vibaya unauona kama shambulio. Baadae kafeini ikishuka ule uchovu wote uliojificha unakuangukia kwa mkupuo, nao una hasira zake za namna nyingine, zile za kununa. Nilipochukua daftari langu la oda nikaanza kukumbuka siku za ugomvi nikaona zinakaa kwenye makundi mawili tu, jioni mara baada ya kunywa, na saa nne saa tano asubuhi baada ya kukesha.

Na kuna hili la vidonge, ambalo wanawake wengi hatulijui. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini inatoka mwilini kwa muda wa kama saa tano. Ukiwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unakaribia kuwa mara mbili. Nyie wenyewe mlipojibu ile meseji moja mlisema kijiko kimoja kina miligramu 300. Sasa pigeni hesabu na mimi: nimekunywa 300 saa kumi na moja jioni, saa tisa usiku bado nina kama 150, na kikombe cha kahawa kina kama 95. Yani mnaniambia nilale usingizi wa pono na kahawa kikombe na nusu kichwani. Kesho yake jioni naongezea juu ya mabaki ya jana. Siku za vijiko viwili ni 600, bado sijaweka chai zangu mbili za asubuhi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema tangu mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya yake, mpaka miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku nzima ndo haileti wasiwasi. Kijiko chenu kimoja kimeshapita hiyo ya mara moja, na kijana wenu ananiambia piga viwili!

Alafu nyuma ya kopo, kwa maandishi ambayo mimi mwenye macho ya kutunga uzi kwenye sindano nilibidi nipige picha nikuze, kuna neno yohimbe. Ni gome la mti wa huko Afrika Magharibi na Kati, Kameruni na Gaboni. Kilichomo ndani yake, yohimbini, kinapandisha presha na kinaleta wasiwasi, tena watafiti wamewahi kukitumia kwa makusudi kuwaamshia wasiwasi na hofu watu wenye ugonjwa wa hofu za ghafla ili wauchunguze. Mmekichanganya na kafeini. Na hamjaandika kiasi, mmeandika tu "mchanganyiko maalum" na gramu za jumla, kwahiyo hata mtu akitaka kuwa makini anakuwa makini na nini? Fundi hawezi kumwambia mteja nimetumia kitambaa maalum, yadi ngapi ni siri yangu.

Sisemi unga ndo uliotunga yale maneno niliyomwambia yule mtoto wa watu. Yalitoka mdomoni kwangu na nimeyabeba mwenyewe, nilienda mpaka kwao nikapiga magoti mbele ya mama yake. Na najua kuna watu wanakunywa kijiko hichohicho wanaenda kulala kama watoto, miili haifanani. Lakini ndo maana mtu anatakiwa aambiwe kabla ili ajiangalie. Ningeambiwa "ukiona unakuwa na hasira, wasiwasi au hulali, punguza au acha", mistari miwili tu, ningeshtuka wiki ya tano.

Hata kuacha hamjaandika kunakuwaje. Niliacha ghafla siku ileile nimetoka kliniki, siku ya pili kichwa kiliuma nikafunga ofisi, na hasira zikawa mbaya kuliko mwanzo nikaanza kuamini tena kwamba sio unga ni mimi. Nesi akaniambia vumilia, kafeini ikiondoka inafanya hivo, siku mbili za kwanza ndo mbaya na ndani ya kama wiki moja na kidogo inaisha, ningemwambia mapema angenishauri nipunguze polepole. Siku ya tisa niliamka nimelala. Yani nimeamka na nilikuwa nimelala, mnisamehe sijui niiandikeje, nilikuwa nimesahau ilivyo. Mume wangu alikuwa kakaa pembeni ananiangalia tu.

Binti amerudi kazini, alikaa nje wiki tatu. Anakata vizuri, mikono anaipanga mezani kushoto na kulia anaiangalia mara mbili. Ila nikisogea karibu na meza yake anaweka mkasi chini na mikono anairudisha mapajani, mpaka nipite. Hilo sijui mtanilipaje.

Ninayoyataka ni haya. Muandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kijiko kimoja kina miligramu ngapi za kafeini na ngapi za hiyo yohimbe, na kama hamtaki kusema kiasi basi itoeni. Muandike kwamba inaweza kuleta hasira, wasiwasi na kukosa usingizi, na kwamba haifai jioni. Vijana wenu wa dukani wafundishwe kuuliza maswali kabla ya kuuza, presha, moyo, mimba, vidonge vya majira, mtu anafanya mazoezi saa ngapi, na lile neno la "piga viwili" lisisikike tena kwenye duka lenu, na "utaisikia" itoke kwenye tangazo. Hela yangu elfu tisini na tano naitaka pia, risiti ninayo. Nawapa siku kumi na nne, baada ya hapo barua hii na picha za lebo nazipeleka TBS na Tume ya Ushindani, sio kwa kuwakomoa, ila kuna mwanamke mwingine saivi hivi analia chooni anajiona amekuwa mtu mbaya.

Kopo ninalo, limebaki kama robo, nimelifunga kwa selotepu na kijiko chake kimo humohumo. Mkitaka kwenda kulipima njooni mlichukue, ofisini nipo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili tu ndo sipo.

Mteja wenu,
Fundi cherehani, Mwananyamala