Yah: kunitoa kazini mbele ya mteja na kunikata mshahara

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima maana simu nimeshapiga mara tisa na meseji mnasoma hamjibu. Mkataba wangu wa uwakili wa miezi mitatu mmeuandika wenyewe kwa hiyo siwasomei.

Jumanne ile mliyonitoa nilikaa na mama mmoja katoka Bahi saa kumi alfajiri na mwanae kiziwi wa miaka 9, karatasi za vipimo vya masikio kazifunga kwenye rambo. Shule imemwambia abaki na mtoto nyumbani mpaka apatikane mwalimu wa lugha ya alama. Ndo namsomea kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kwamba mtoto wake ana haki ya kusoma sawa na wengine, afisa wenu kaingia bila hodi, kabeba faili mezani, anasema "huyu deiwaka tu mama, subiri wakili anakuja". Deiwaka, yaani kibarua wa siku? Wakili ni mimi! Leseni ya mwaka huu nimelipia kwa hela yangu.

Na haikuanzia hapo, wiki ya kwanza mlinikalisha bila meza, mkaahidi usafiri wa Kongwa na Mpwapwa kuwaona wazazi wa watoto kama huyu, nikapanda basi kwa hela yangu, risiti mnazo. Halafu mwezi wa pili mkanilipa nusu eti mteja wenu anayewalipa nyie kasitisha. Huyo ni mteja wenu, mimi nimesaini na nyie.

Narudi kwenye ile Jumanne maana ndo inaninyima usingizi. Yule mtoto alikuwa anatuangalia midomo. Hasikii ila aliona faili lake linaondoka, akashika kanga ya mama yake kwa nguvu, mama akaniuliza "kwa hiyo tumekuja bure?" Mimi nimesimama na kalamu mkononi, afisa wenu yuko mlangoni anarudia deiwaka, deiwaka, na ofisi nzima inasikia. Kesi ya mtoto kama huyu haitaki sura mpya kila wiki, mama anaanza upya kueleza toka ujauzito, mara ngapi jamani?

Mwanzo nilitaka nusu yangu tu, 600,000. Sasa nataka na nauli zote, na mwezi mmoja uliobaki kwenye mkataba, na barua ya kuniomba radhi, na yule mama aandikiwe yake. Na apewe wakili atakayekaa na faili lake mpaka mwisho, hata asipokuwa mimi.

Mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Siku za kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, zinahesabika toka mliponiachisha, 12 zimeshapita na fomu nimeshajaza. Jumatatu asubuhi nipo mlangoni kwa CMA, na mawakili wenzangu wote wa Dodoma nitawaambia wasikubali kazi za muda kwenu.

Wakili wenu wa miezi mitatu,
Nkuhungu, Dodoma