Usilipe kwanza hiyo Corvair

Ypsilanti, Michigan

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Zuhura. Sisi wazima, baridi tu imeanza kutubana. Picha za hiyo Corvair ya 1961, gari la Chevrolet unalotaka kununua, nimeziona. Nakusihi, usilipe kwanza.

Gari ni zuri, sibishi. Zilikuwa zikiundwa hapa jirani, kiwanda cha Willow Run, na Chevrolet walithubutu kweli: injini ya alumini nyuma, silinda sita zimelala tatu huku tatu kule, inapozwa na upepo tu, rejeta hakuna. Shida iko kwenye ekseli za nyuma. Za miaka hiyo zina kiungo cha kukunjika upande wa difu peke yake, yaani gia za katikati zinazozungusha ekseli; upande wa tairi hakuna. Ukikata kona kwa kasi, tairi la nje linaweza kukunjikia chini ya bodi, gari likapinduka. Ndiyo maana kiwanda kilitaka matairi yajazwe upepo wa paundi 15 mbele na 26 nyuma. Wangapi walifuata? Watu walijaza sawasawa kama gari nyingine yoyote. Na kile chuma cha mbele cha kuzuia bodi isilale kwenye kona, hakikuja na kila gari mpaka 1964!

Halafu mwanasheria Ralph Nader akatoa kitabu chake cha kulaumu usalama wa magari, Corvair ikiwemo, mwishoni mwa 1965. General Motors, wenye Chevrolet, wakamwekea wapelelezi. Machi 1966 mkuu wao, James Roche, akaomba radhi mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Kinachoniuma ni kwamba Corvair ya 1965 ilikuwa imeshabadilishwa nyuma yote, imetulia barabarani, lakini jina lilishachafuka, na Mustang ya Ford ilishateka wateja. Mei 1969 wakaacha kuziunda.

Najua utanitajia uchunguzi wa serikali wa 1972, uliosema haikuwa mbaya kuliko magari wenzake. Sawa. Ila hiyo yako imepita mikono mingi, na wewe una watoto. Tafuta ya 1965, Hamisi.

Muuzaji amekuruhusu uingie chini? Kutu je? Mkanda wa feni ni mpya? Ule ukikatika, injini haipozwi tena. Ukiwasha hita, harufu ya oili inaingia ndani? Matairi kajaza upepo kiasi gani? Na huwezi kumwomba angoje Jumamosi, nije Columbus tulikague pamoja?

Ndugu yako,
Salim