Kwenye chupa saba imeandikwa "manukato" tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni msusi, na kwa miezi minane mikono yangu ilikuwa ikiwasha, ikivimba kati ya vidole na kupasuka hadi damu. Nililaumu rangi za nywele. Nikavaa glavu, nikaacha kazi za rangi, na kila usiku nikajipaka mafuta ya lavenda, "asilia kabisa", niitulize ngozi. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiniumiza.

Daktari wa ngozi alinibandika mgongoni vipande vyenye vitu vilivyoshukiwa kunidhuru, kila kimoja mahali pake, nikakaa navyo siku mbili bila maji kugusa hapo (adhabu ile siisahau). Rangi ya nywele haikuacha hata alama. Pale palipokuwa na linalooli, kiambato cha manukato, iliyokwisha kuguswa na hewa ndipo palipotoka malengelenge.

Linalooli ndiyo inayochangia sehemu kubwa ya harufu ya lavenda, na hata rehani inayo. Ikiwa mbichi haina ukali mkubwa. Ikikaa wazi hushika oksijeni na kuzaa kemikali ziitwazo haidroperoksaidi, na hizo ndizo ngozi za baadhi yetu huzikataa. Chupa yangu ilikaa mezani zaidi ya mwaka, kifuniko kimepotea. Tena hiyo "asilia" haisaidii kitu: itoke kwenye ua au kiwandani, linalooli ni ile ile.

Nilitoka kwa daktari na karatasi yenye jina hilo, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu yangu ya kazi. Chupa kumi na moja. Nne zimeitaja, saba zimeandikwa "manukato", basi. Hizo saba nizifanyeje? Umoja wa Ulaya humtaka mtengenezaji aitaje ikizidi asilimia 0.001 katika kipodozi kinachobaki mwilini, au 0.01 katika kinachosuuzwa. Mwaka 2023 waliongeza viambato vya manukato vya kutajwa kutoka 26 hadi zaidi ya 80. Kwa hiyo inawezekana.

Siombi linalooli ipigwe marufuku. Wateja wangu wengi huipaka bila shida yoyote. Naomba iandikwe jina lake, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, pamoja na miezi ambayo chupa ikishafunguliwa isizidishwe.

Zile saba nimezifunga kwenye mfuko, zipo chini ya meza. Kuzitupa naona uchungu, na kumpaka mteja naogopa.

Msusi wa miaka kumi na tisa