Karatasi ya chujio haiwezi kutuambia kama maji ya viwanda vya chipu ni safi

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu maji taka ya viwanda vya chipu za kompyuta, mimi ni fundi wa kutibu maji taka na hili jambo linanikera sana.

Kwenye viwanda hivyo kuna hatua ya kung'arisha visahani vyembamba vya silikoni, wanatumia uji mwepesi wenye chembe za madini kama silika, alumina au seria, nyingi zina nanomita 100 hivi, yani hata unywele ni mnene kuliko chembe moja mara mia kadhaa. Shida yake hazitui chini. Nimeshachota hayo maji kwenye glasi jioni nikayaacha, asubuhi nikayakuta vilevile, meupe kama yametiwa maziwa kidogo, maana chembe hizo kwa kawaida zina chaji hasi ya umeme kwa hiyo zinasukumana na haziwezi kushikana zikawa nzito. Ukipeleka moja kwa moja kwenye membreni, yani chujio la matundu madogo sana, inaziba, unaosha leo kesho unaosha tena.

Dawa ni kuvunja hiyo chaji kwanza. Tia shabu au kloridi ya chuma, koroga kwa kasi kidogo halafu polepole, utaona vipande kama pamba vinaanza kujikusanya na kushuka, juu maji yanaangaza. Lakini usizidishe! Ukizidisha chembe zinaweza kugeuka chaji chanya, zinaanza kusukumana upya na weupe unarudi, hili nimeliona kwa macho yangu na ndio maana dozi inajaribiwa kwenye glasi kila maji yakibadilika. Wengine wanatumia umeme na elektrodi za alumini, yani vipande vya kupitisha umeme ndani ya maji, kazi ni ileile.

Sasa kinachoniuma ni vipimo. Kipimo cha kawaida cha yabisi kwenye maji ni kuyapitisha kwenye karatasi ya chujio halafu kupima uzito wa kilichobaki juu, na matundu ya karatasi hiyo kwa kawaida ni kama nanomita 1,500. Chembe ya nanomita 100 inapita hapo bila kuguswa! Maji yanapewa cheti na chembe zimo ndani zinaenda mtoni.

Naomba wanaotoa vibali wadai pia kipimo cha ukungu wa maji na cha silika yote iliyomo, na ripoti ya kila mwezi iseme tope lililotolewa lilikuwa na uzito gani na limetupwa wapi.

Msomaji wenu,
Fundi wa maji taka